Neno Alilolivuta Babu

Nilisikia jina likiitwa kabla sijamwona mwenye kuitika. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ofisi moja hapa Mpanda mjini, nimekwenda kufuatilia kiwanja cha marehemu baba, bahasha mkononi, watu sita mbele yangu. Mzee mmoja wa masijala akachungulia mlangoni akauliza, "Jenerosa, lile faili la juzi umeliweka wapi?" Mama mmoja wa rika langu aliyekuwa nyuma ya kaunta akajibu bila kuinua kichwa, "Si hilo hapo mezani kwako?"

Moyo ulinilipuka, maana huku kwetu akina Jenerosa si wengi. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikanyanyuka nimwone vizuri. Kitambulisho kilikuwa kinaning'inia kifuani kwake, majina mawili, na la pili ni lile jina refu la Kirundi ambalo walimu wetu walikuwa wakilikata vipande vitatu ndipo waweze kulitamka. Halafu nikamtazama usoni. Kovu juu ya nyusi ya kushoto, la kuanguka na baiskeli. Huyo hakuwa Jenerosa. Huyo alikuwa Neema.

Sikungoja zamu yangu. Nikatoka nje nikasimama penye pikipiki za wateja, bahasha nimeikunja mpaka imepasuka pembeni. Miaka yote hii bado analivaa! Nguo ya wizi mtu huivaa ikachakaa akaitupa. Yeye jina la mwenzake kalivaa hadi limempa kiti na kaunta, na siku akistaafu watamwandikia hotuba kwa jina hilo hilo. Khaa! Watu wengine hata aibu hawana.

Nyie wenzangu mliosoma shule za msingi huku miaka ile mtakumbuka ubao wetu. Hatukuwa na rangi ya dukani. Tulivunja betri kuukuu za redio, tukatwanga ule mkaa wake, tukachanganya na majani ya viazi yaliyopondwa, tukapaka ubao siku ya Ijumaa ili Jumatatu uwe mweusi. Mikono ilikaa na weusi ule hadi katikati ya wiki. Shule yetu ilikuwa pembeni ya mji, njia ya kwenda Katumba, madirisha hayana vioo, na Kiingereza cha darasa la saba alikuwa anafundisha Mwalimu Mkuu mwenyewe. Jina lake silitaji. Usidhani ni heshima. Tulimwita Mkuu, na hilo linamtosha.

Mimi waliniita Dikshonari. Nilijua maneno ya Kiingereza kuliko mtoto yeyote pale shuleni, na nilikuwa na majivuno ya kujaza debe. Sababu yake ni kamusi. Baba alikuwa na duka dogo karibu na stendi, na siku moja kwenye furushi la karatasi za kufungia karanga ikatokea kamusi nzima ya Kiingereza kwa Kiswahili, nene, karatasi zake nyepesi kama ngozi ya kitunguu. Mama akaninyakulia kabla baba hajaanza kuichana.

Lakini mama hakuweza kuiokoa kwa babu. Babu, baba yake mama, tulikuwa tunaishi naye, na alikuwa mvutaji wa msokoto. Alipoona karatasi zile macho yalimtoka. "Hii ndiyo karatasi," akasema. "Gazeti linakohoza." Tukaelewana kwamba atavuta ukurasa mmoja kwa siku, na kabla hajauviringisha nitamsomea maneno yake yote. Babu alikuwa mtu wa utaratibu, hakuchana ovyo. Alianzia A.

"Leo navuta nini, mjukuu wangu?" angeuliza.

"Leo unavuta yai, Babu. Na tembo, na umeme."

"Umeme! Basi leo nitakohoa moto."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, ukurasa kwa ukurasa, mbele ya moshi. Siku nikichelewa kurudi kutoka shule alikuwa haningoji, na maneno ya siku hiyo yalikuwa yamekwenda. Nilipofika darasa la saba babu alikuwa ameshavuta Kiingereza chote kuanzia A mpaka E.

Na tumbaku aliyokuwa akiivuta aliletewa na Jenerosa.

Jenerosa na mama yake walitokea Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi. Baba yake alipofariki mama akapata kibarua kwenye shamba la tumbaku la mkulima mmoja upande wetu, wakawa wanakaa kwenye kibanda kando ya bani, ile nyumba ndefu ya udongo ambamo majani ya tumbaku hukaushwa kwa moto. Kila walichokuwa nacho kilinukia bani: sare, daftari, nywele, hata ugali. Darasani wenzetu walikuwa wakiziba pua. "Mkimbizi kaja na moshi wake," wangesema, na yeye amezaliwa hapa hapa, hajakimbia kitu. Mimi harufu ile niliipenda. Mpaka leo lori la tumbaku likipita barabarani nageuza shingo.

Alikuwa mfupi, mkimya, na kichwa chake, jamani, acheni tu. Hesabu alikuwa anamaliza mimi bado napiga mistari. Mtihani wowote yeye wa kwanza, mimi wa pili, isipokuwa Kiingereza peke yake. Jumamosi alikuwa anamletea babu majani yaliyovunjika yasiyouzika, ameyafunga kwenye kitambaa. Babu alikuwa akiyapokea kwa mikono miwili na kunitazama mimi kwa dharau ya utani. "Huyu ndiye mjukuu. Wewe kazi yako kuniletea maneno." Tulicheka wote watatu.

Muhula ule wa mwisho fomu za mtihani zilikuwa zimeshajazwa na majina yamekwenda wilayani. Wiki hiyo hiyo Mkuu akaandika ubaoni neno include, akalipigia mstari. "In ni ndani," akasema. "Include: kuweka ndani, kujumuisha. Tungeni sentensi." Jenerosa akasimama akatunga kwamba orodha inajumuisha jina lake. Mkuu akamtazama kidogo, akamwambia, "Sahihi. Kaa." Neno la kinyume chake hakutufundisha. Alilitia mfukoni, alikuwa na kazi nalo.

Wiki iliyofuata akaja Neema. Alikuwa mtoto wa dada yake Mkuu, ametokea mkoa mwingine ambako mtihani wa darasa la saba ulikuwa umeshamshinda mara moja. Aliwekwa dawati la mbele. Hakuwa mtoto mbaya, nasema kweli, tuligawana naye mahindi ya kuchoma wakati wa mapumziko, na kovu lile alitusimulia mwenyewe huku anacheka. Sisi hatukujiuliza atafanyaje mtihani wakati majina yameshakwenda. Watoto hawajiulizi mambo kama hayo. Majina yakishapelekwa hayaongezwi, kwa hiyo anayetaka kuingia lazima kuna anayetoka, na ukitafuta wa kumtoa unamtafuta yule ambaye hana wa kumsemea.

Ijumaa moja baada ya vipindi Mkuu akaniita ofisini. Mezani kulikuwa na barua, mistari minne kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, kwenda kwa mama yake Jenerosa. Ilikuwa kwa Kiingereza.

Ngojeni niseme jambo hapa kabla hasira haijanipitisha. Mtu yule alikuwa anaandika kila kitu kwa Kiswahili. Barua za wazazi kuhusu kuni, barua za watoro, tangazo la chawa, vyote Kiswahili. Mji mzima unaongea Kiswahili, hata wenye Kibende chao na Kisukuma chao, na Mama Jenerosa alikuwa anakiongea kwa kukwaruza lakini anakielewa. Mara moja tu katika maisha yake pale Mkuu alimwandikia mzazi kwa Kiingereza, na mzazi mwenyewe ni mjane wa bani asiyejua hata "good morning". Ilikuwa akili. Alitaka awe na nakala kwenye faili inayoonyesha mzazi ameandikiwa, na alitaka mzazi asijue ameandikiwa nini.

"Dikshonari," akasema, "hii barua utaweza kumsomea mama yake mwenzako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hebu isome kwanza." Nikaisoma. Nilijua binti, nilijua orodha, mtihani, ofisi, siku saba. Nikakwama kwenye neno moja, na yeye akaliwekea kidole. "Exclude ni nini?"

Ningesema sijui. Maneno mawili tu, sijui Mwalimu, na dunia isingeanguka. Lakini mimi Dikshonari niseme sijui? Nikaanza kulichambua pale pale. Include ni kuweka ndani, si alitufundisha mwenyewe? Kwa hiyo "clude" ni kuweka. Sasa "ex". Ex niliijua wapi? Niliijua stendi! Basi la Sumbawanga lilikuwa limeandikwa Express kwenye kioo cha mbele kwa herufi nyekundu, na utingo alikuwa anaimba siku nzima kwamba ekspresi haisimami njiani, ekspresi ni ya wenye haraka zao.

"Ni kuweka ndani kwa ekspresi, Mwalimu," nikamjibu. "Moja kwa moja, bila kusimama."

Nilimwona akinitazama, akaitazama barua, akanitazama tena. Mimi nilidhani anashangaa akili yangu. Kisha akakunja barua, akanikabidhi, akasema, "Vizuri sana. Nenda kamweleze hivyo hivyo."

Vizuri sana! Mwalimu wa Kiingereza! Mtoto amekosea mbele yako neno ulilomuuliza mwenyewe, unajua kosa lake litamfanya nini mwenzake, na unamwambia vizuri sana. Nimepigwa fimbo nyingi katika shule ile na zote nimezisahau. Hiyo vizuri sana sijaisahau na sitaki kuisahau.

Nilikimbia hadi bani. Mama Jenerosa alikuwa chini ya kibanda cha nyasi anafunga majani mabichi kwenye fito, vidole vyeusi kwa utomvu, Jenerosa anampokeza. Nikaamkia, nikanyoosha barua.

"Usinipe mimi, nitaichafua," akasema. "Nisomee, mwana wanje, mwanangu."

"Mama, Jenerosa amepita."

"Amepita wapi?"

"Kwenye orodha ya mtihani. Sisi wengine tumewekwa ndani tu kawaida. Yeye amewekwa kwa ekspresi. Hasimami popote mpaka sekondari."

Jenerosa akaniuliza, "Una hakika?" Yeye alikuwa mtu wa hesabu, anataka njia ionekane. Nikaudhika. Nikamwambia Mkuu mwenyewe ameniuliza neno lile nikamjibu, akasema vizuri sana. Hapo akaamini. Angeachaje kuamini?

Mama yake alipiga vigelegele mpaka vibarua wakatoka kwenye mistari ya tumbaku kuuliza kuna nini. "Urakoze cane, urakoze cane," ananishukuru kwa Kirundi huku ananishika mabega kwa viwiko ili asinipake utomvu. Wakamkamata jogoo, wa pekee, akachinjwa. Kwao, kama kwetu, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Nyumba ile haikuwa na baba. Siku ile Mama Jenerosa akaichota firigisi kwenye chungu akaniwekea mimi juu ya ugali, mtoto wa kike wa darasa la saba, kwa sababu nilikuwa nimesoma barua. Nikaila yote.

Nilikuwa sijamaliza ubingwa wangu. Mstari wa mwisho ulisema kama ana objection afike ofisini ndani ya siku saba. Object nilikuwa naijua, ilikuwa kwenye sarufi: object ni kitu. "Na hapa chini," nikasema huku nafuta mdomo, "Mkuu anasema kama una kitu chochote umpelekee ofisini kabla siku saba hazijaisha."

"Kitu gani?"

"Chochote. Cha kumshukuru."

Wakatazamana. Ukiacha tumbaku isiyo yao walikuwa na kapu moja la karanga, karanga za mbegu, zilizochaguliwa moja moja kwa ajili ya mvua za mwaka ule. Mama Jenerosa akalitazama lile kapu akasema, "Mtoto akisoma, tutapanda kitu kingine."

Jumanne tukaenda. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri, kapu kichwani, mimi na Jenerosa tunamfuata. Ofisini Mkuu alikuwa na walimu wawili wanasahihisha madaftari. Mama Jenerosa akapiga goti mlangoni.

"Mama, karibu," Mkuu akasema. "Umeleta objection?"

"Egome, ndiyo, Mwalimu. Hii hapa." Akashusha kapu.

Mwalimu mmoja alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Mkuu alicheka kwa pua tu, akanyoosha mkono akachukua karanga, akaipasua, akala. "Asante sana, mama. Tumeipokea." Mama Jenerosa naye akacheka, kwa furaha, maana wakubwa wanacheka. Lakini yule mwalimu wa pili hakucheka. Aliinamisha kichwa kwenye madaftari akawa anaandika kitu kisichoandikika, na masikio yamemwiva. Nikamwona. Nikajua kuna kitu hakiko sawa.

Kuna watu wakisikia hadithi hii huishia kumcheka babu. Mimi mwenyewe kwa miaka nimeisimulia hivyo kwenye misiba na harusi: babu alivuta ukurasa wa exclude, tena kwa tumbaku aliyoletewa na Jenerosa, ndiyo maana sikujua maana yake. Watu hucheka, husema ama kweli. Na ni kweli, ukurasa ule uliungua siku niliyochelewa kurudi. Lakini objection haianzi na E. Inaanza na O, na babu hakuishi kufika O. Kurasa zake zote zilikuwepo.

Jumanne ile jioni, jua bado lipo, nilikaa chini na kamusi nikafungua. Nikapitisha kidole. Objection: pingamizi.

Nililisoma mara tatu. Mtu hapingi kuwekwa ndani. Mtu hapingi ekspresi. Nikarudi kwenye exclude bila kamusi, kwa akili yangu tu, na mara hii nikaielewa vizuri kabisa: in ni ndani, ex ni nje. Jenerosa ametolewa nje, mama yake amepewa siku saba za kukataa, na mimi nimempeleka akatoe asante kwa karanga zake za mbegu. Zilikuwa zimebaki Jumatano, Alhamisi na Ijumaa.

Sikusema.

Nimetafuta sababu umri wangu wote na ninazo nyingi. Nilimwogopa Mkuu. Niliona haya kwa sababu ya jogoo na firigisi. Niliogopa wangeacha kuniita Dikshonari. Zote ni kweli. Na ipo nyingine ambayo kwenye misiba na harusi siisemi: kila mwaka shule yetu ilikuwa inapata nafasi moja au mbili za wasichana kwenda sekondari, na mbele yangu darasani alikuwepo mtu mmoja tu. Sikuipanga. Sikuifikiria hata kwa maneno. Lakini ilikuwepo, imekaa kimya pembeni, na nilipokuwa nafunga kamusi ile jioni niliijua ipo. Babu akaniuliza, "Leo navuta nini?" Nikamwambia achane tu, sina hamu ya kusoma.

Jumatano Jenerosa alinigawia kiazi. Alhamisi akanifundisha hesabu za mwendokasi, zile za treni mbili zinazokutana, maana alisema zitatoka kwenye mtihani. Ijumaa ikapita.

Siku ya mtihani walikuja wasimamizi kutoka shule nyingine, hawamjui mtu, na mgambo mwenye bunduki akasimama mlangoni. Tulipanga mstari, sare zimefuliwa, penseli zimechongwa. Mama Jenerosa alikuwa amekuja na chupa ya uji, amesimama kwenye kivuli cha jengo pamoja na wazazi wengine. Msimamizi akawa anaita majina, unaitika unaingia. Likaitwa la Jenerosa, lote, na lile refu la baba yake likakatwa vipande vitatu.

"Nipo," akasema Neema. Akapita mbele yetu akiangalia chini.

Jenerosa alichelewa kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. Kisha akatoka kwenye mstari. "Mwalimu, huyo si mimi! Jenerosa ni mimi! Jina langu hilo!"

Msimamizi akamgeukia Mkuu. Mkuu akatabasamu. "Wamefanana majina hao, Mwalimu, endelea tu." Akamshika Jenerosa bega akamtoa kando, akampeleka mpaka kwa mama yake, na kule akabadilisha sauti. "Mama, huyu ametolewa kwenye orodha. Nilikuandikia barua. Nilikupa siku saba za kupinga, ukafika ofisini ukatoa shukrani. Mashahidi ninao." Hayo yote sasa aliyasema kwa Kiswahili safi kabisa.

Mama Jenerosa aligeuka. Alizungusha macho kwenye mstari mpaka akanipata. Hakupiga kelele, ningeshukuru kama angepiga kelele. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelekezwa, "Mwana wanje, si ulisema ekspresi?"

Jenerosa naye alikuwa ananitazama. Yeye alikuwa mtu wa hesabu, na niliona anaiona njia yote, hatua kwa hatua, mpaka jibu.

Likaitwa jina langu. Nikasema nipo, nikaingia.

Hesabu za treni mbili zilitoka, kama alivyosema, na nikazipata. Nilichaguliwa. Neema naye alichaguliwa, kwa jina ambalo sasa amelizeekea. Kabla mvua hazijaanza Mama Jenerosa na mwanawe walirudi Katumba, kibanda cha kando ya bani wakaingia wengine. Jumamosi ya kwanza babu alikaa mlangoni hadi saa sita akimngoja mjukuu wake. Niliwahi kwenda Katumba kuuliza, nikiwa tayari mtu mzima na watoto. Mmoja akaniambia alihamia Burundi na mama yake, mwingine akasema aliolewa huko huko vijijini, mwingine akaniuliza, Jenerosa yupi, yule wa ofisini Mpanda? Nikadhani amemchanganya na mtu. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Barua ile ilibaki kwangu, nikaja kuikariri baadaye, nilipojua Kiingereza cha kweli. Ilisema ametolewa. Nani kamtoa, haisemi. Ndivyo waandikavyo wenye kuficha mikono yao, ametolewa, imeamuliwa, imeonekana, kana kwamba majina hujifuta yenyewe kwenye karatasi. Basi nasema mimi. Mkuu alimtoa. Neema alikaa mahali pake, alikuwa mtoto akaambiwa kaa, lakini sasa si mtoto. Na mimi nilikuwa na siku tatu na kamusi.

Haya yote niliyawaza nimesimama pale penye pikipiki, bahasha imepasuka, na hasira inanipanda. Nikajifuta uso kwa mtandio. Nikarudi ndani. Watu sita walikuwa wamekwisha.

"Karibu, dada," akasema Neema bila kunitambua. "Nikusaidie nini?"

"Nina pingamizi."

Hakushangaa, ofisini kwake hupokea mapingamizi kila siku, ya mipaka, ya mirathi. Akavuta daftari kubwa, akafungua ukurasa mpya, akachukua kalamu. "Jina la mwenye pingamizi?"

Nikakitazama kitambulisho kifuani kwake, nikamsomea majina yote mawili.